Siri ya Serikali Imevuja: Tafuta Tundu Kabla ya Kumtafuta Mtu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtunza kumbukumbu kwenye masjala ya siri ya ofisi moja ya umma. Jumatatu moja asubuhi, barua yenye muhuri wa SIRI ilikuwa inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hata haijamfikia aliyeandikiwa. Kufika saa nne mkosaji alishapatikana: dada tuliyekuwa naye masjala, kwa hoja kwamba "majalada yote yanapitia kwake." Aliambiwa akabidhi funguo. Akakabidhi, akaenda kukaa kwenye benchi la wageni, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Niliomba kuiona ile picha, nikaikuza. Barua ikiingia masjala hupigwa tundu kwenye kona ya juu kushoto, hufungwa kwenye jalada kwa tagi, kisha huandikwa namba ya folio kwa wino mwekundu. Ile ya kwenye picha haikuwa na tundu wala folio. Sahihi ya mkuu ilikuwepo. Basi ilipigwa picha baada ya kusainiwa na kabla ya kutufikia, na katikati ya hapo kuna vyumba viwili tu, ambavyo dada yule hakuwa akiingia hata kimoja. Nikamweleza mkuu. Aliitazama simu kwa muda, akasema, "Sawa, mwambie arudi kazini." Uchunguzi ukaishia hapo hapo. Ulikuwa na moto ulipokuwa unateremka ngazi. Ulipogeuka kupanda, ukapoa.

Mwongozo huu ni wa yeyote atakayekabidhiwa kazi ya kuuliza siri imetokaje. Mifano mingi ni ya Marekani na Uingereza. Si kwamba kwetu hakuvuji, ila kule kesi zilisikilizwa mahakamani na ripoti zikachapishwa, kwa hiyo tunaweza kuona tundu lilikuwa wapi na nani alilijua mapema akanyamaza.

Dalili: picha ya waraka inazunguka mtandaoni

Usikimbilie orodha ya wafanyakazi. Itazame picha yenyewe. Je, ni karatasi iliyopigwa picha au ni skrini? Kama ni karatasi, imekunjwa? Imelala juu ya nini? Ina alama gani za safari: muhuri wa kupokelewa, dokezo la mkono, tundu la tagi?

Mwezi Aprili 2023 nyaraka za kijeshi za Marekani kuhusu vita vya Ukraine zilianza kuonekana kila mahali. Karatasi zilikuwa na mikunjo, kama zilizotolewa ndani ya nguo. Pembeni mwa picha kulionekana jarida la uwindaji na chupa ya gundi. Hakuna ofisi ya ujasusi inayopanga meza hivyo. Ile ilikuwa nyumba ya mtu. Tarehe 13 Aprili alikamatwa Jack Teixeira, kijana wa miaka 21, nyumbani kwao North Dighton, Massachusetts. Alikuwa akizimwaga siri hizo kwenye kikundi kidogo cha wacheza gemu huko Discord, mtandao wa gumzo, kwanza kwa kuandika upya maneno ya nyaraka, baadaye kwa kupiga picha. Wapelelezi walipopekua rekodi za kompyuta za kazini walikuta kwamba tarehe 6 Aprili, habari zilipoanza kutoka, alitafuta humo neno moja: "leak", yaani kuvuja. Alitaka kujua kama wameshamfikia.

Chanzo? Wengi husimama kwenye tabia yake: kijana anayetaka kuonekana mjuzi mbele ya rafiki zake. Ni kweli, lakini hiyo haikuzibii tundu, kwa sababu vijana wanaotaka sifa hawaishi. Uliza alizionaje. Teixeira hakuwa mchambuzi wa intelijensia. Alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta katika kikosi cha 102 cha Walinzi wa Anga wa Massachusetts, kituo cha Otis, Cape Cod. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mabomba yanapitisha maji, siyo kuyanywa. Alipewa kibali cha juu kwa sababu bila hicho asingeweza kugusa mitambo, na hicho hicho kikamfungulia kila kitu kilichopita humo. Zamu za usiku zilikuwa na watu wachache, na mara nyingine alibaki bila jicho juu yake.

Halafu uliza nani aliona. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Jeshi la Anga iliyotoka Desemba 2023 inapaswa kusomwa na kila msimamizi. Septemba 2022 alionekana akinukuu taarifa za siri kwenye karatasi; akaambiwa aache. Oktoba akaonywa tena aache kuchimba mambo ya intelijensia yasiyo ya kazi yake. Januari 2023 akaonekana tena akisoma yasiyomhusu. Mara tatu, na maandishi yapo. Baadhi ya waliokuwa na picha kamili walikusudia kutoipeleka yote kwa maofisa wa usalama, wakihofia hao wangechukua hatua kali kupita kiasi.

Hofu hiyo naijua, na wewe unaijua. Unamwona kijana wa kazini akifanya jambo lisilo sawa, unasema moyoni: nikiliandika, nitakuwa nimemwharibia maisha. Unamwita pembeni, "Dogo, acha hayo," unarudi kwenye chai. Huruma hiyo ilimgharimu Teixeira zaidi kuliko barua moja ya onyo ingemgharimu. Tarehe 12 Novemba 2024 alihukumiwa miaka 15 jela.

Jeshi la Anga liliwawajibisha watu 15, kuanzia ngazi ya sajenti hadi kanali, na kamanda wa kikosi akaondolewa kwenye ukamanda. Watu 15 kwa kosa la mkono mmoja. Ukiandika ripoti ya uvujaji yenye jina moja tu la mkosaji, jiulize kama umemaliza kazi au umechoka.

Dalili: karatasi moja imemfikia mwandishi wa habari

Hapa kipimo ni rahisi: nani aliitoa kwenye printa? Mwezi Mei 2017 Reality Winner, mkandarasi wa shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, mjini Augusta, Georgia, alichapisha ripoti moja kuhusu majaribio ya Warusi kudukua mambo ya uchaguzi wa Marekani, akaikunja, akatoka nayo, akaituma kwa posta kwa The Intercept, chombo cha habari cha mtandaoni. Waandishi walipoionyesha nakala serikalini ili ithibitishwe, maofisa waliona alama ya mkunjo, wakajua imetolewa kwa mkono. Wakafungua logi ya printa: watu 6 walikuwa wameichapisha. Kati ya hao, mmoja tu ndiye aliyekuwa amewasiliana kwa barua pepe na chombo kile kupitia kompyuta ya kazini. Siku chache tu.

Kuna hadithi inayopendwa kwamba alikamatwa kwa vidoti vya manjano ambavyo printa nyingi za rangi huacha kwenye karatasi bila macho kuviona. Vidoti vilikuwepo, na wataalamu walivisoma baada ya waraka kuwekwa mtandaoni. Lakini hati ya kiapo ya FBI haikuvitaja. Inataja mkunjo, logi na barua pepe. Nalisema hili kwa sababu nimekutana na maofisa wanaotaka kununua mitambo ya kisasa ya kunasa wavujishaji huku printa yao ya ofisini haina hata logi ya nani amechapisha nini.

Winner alifungwa miezi 63. The Intercept nayo ilikiri baadaye kwamba namna ilivyoushughulikia waraka haikufikia viwango vyake.

Dalili: haukuvuja waraka, limevuja ghala

Maelfu ya nyaraka zikitoka kwa mpigo, achana na masjala na wachapaji. Mtafute mwenye ufunguo wa seva, au mfumo uliofunguliwa kwa kila mtu.

Waliokuwa wakisoma magazeti mwishoni mwa 2010 wanakumbuka nyaya za kidiplomasia za Marekani, yaani taarifa ambazo balozi hutuma makao makuu, zaidi ya 250,000, zikiwemo zilizotumwa na balozi zake za Dar es Salaam na Nairobi. Viongozi wetu walisoma yale waliyomnong'oneza balozi wakidhani yamebaki chumbani. Na yote hayo hayakutokea Dar wala Nairobi. Yalitokea kambi ya jeshi nje ya Baghdad, ambako mchambuzi wa miaka 22, Chelsea Manning, alikuwa ananakili kwenye CD iliyoandikwa Lady Gaga huku akijifanya anafuatisha muziki. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, serikali ya Marekani iliamua idara zake zishirikiane taarifa kwa wingi, na mtandao mmoja ukafunguliwa kwa watu wengi mno. Askari aliyepo Iraq akaweza kusoma siri za Tanzania ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na kazi yake. Hilo ndilo tundu, na lilitobolewa kwa sera.

Mfumo haukumkamata. Alimsimulia mtu kwenye chati, na mtu huyo akaripoti. Kabla ya hapo msimamizi wake alikuwa ameandika kumbukumbu kuhusu hali yake ya akili na hakuzipeleka juu. Msimamizi huyo alikuja kushushwa cheo. Manning alihukumiwa miaka 35 mwaka 2013, na Rais Obama akampunguzia adhabu. Alitoka Mei 2017.

Edward Snowden alikuwa na ufunguo wenyewe. Msimamizi wa mifumo ya NSA huko Hawaii, mwajiriwa wa kampuni binafsi, aliondoka na nyaraka kwenda Hong Kong mwezi Mei 2013. Msimamizi wa mifumo ni kama fundi wa makufuli: kazi yake inamtaka aweze kufungua kila mlango, na mara nyingi yeye ndiye anayefuta au kuhifadhi logi. Dawa inayofahamika ni watu wawili kwa kila kazi nyeti. Ofisi nyingi huikataa kwa sababu ni gharama, kisha hulipa gharama nyingine.

Na nani alimpekua, yaani alichunguza kama anaaminika kupewa siri? Upekuzi wake wa mwaka 2011 ulifanywa na kampuni ya USIS. Mwaka 2014 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo ikidai ilirudisha serikalini mafaili ya upekuzi yasiyopungua 665,000 kama yaliyokamilika ilhali hayakupitiwa inavyotakiwa, ili ilipwe haraka. Mwaka uliofuata kampuni mama ilikubali kusamehe malipo ya dola milioni 30 iliyokuwa inaidai serikali. Anayefanya kazi ya upekuzi anajua shinikizo hilo: fomu ni nyingi, tarehe ni leo, wadhamini hawapokei simu, unatia tiki.

Dalili: hakuna kilichochapishwa popote, lakini vyanzo vyako vinapotea

Huu ni ugonjwa mwingine kabisa. Mvujishaji wa magazetini anataka isomwe. Jasusi anataka pasiwe na anayejua. Kuanzia 1985 watu waliokuwa wakiisaidia CIA ndani ya Urusi ya Kisovyeti walianza kukamatwa mmoja baada ya mwingine, na angalau 10 wakauawa. Aldrich Ames, ofisa wa CIA mwenye mshahara usiofika dola 70,000 kwa mwaka, alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu na akawa anaendesha Jaguar. Alipitishwa kwenye mashine ya kupima uongo mwaka 1986 na 1991, akafaulu. Alikamatwa Februari 1994, miaka 9 baada ya kuanza.

Tamko la mali analojaza mtumishi wa umma lingemnasa Ames mapema kuliko mashine ile, kama lingesomwa na mtu. Zito ni hilo neno la mwisho. Na asiwe mtu anayechunguza kivuli chake: Robert Hanssen wa FBI aliwahi kupewa kazi ya kumtafuta jasusi ambaye alikuwa yeye mwenyewe. Shemeji yake, naye wa FBI, alitoa tahadhari mwaka 1990. Hanssen alikamatwa 2001.

Dalili: habari iko nje kabla kikao hakijafungwa

Ukiona habari yenye maneno "chanzo kilicho karibu na kikao", na waliokuwa kikaoni ni 8, usianze na mhudumu aliyeleta chai. Anza na hao 8. Ninajua kwa nini hatufanyi hivyo.

Machi 2025 wakuu wa serikali ya Marekani walijadili mashambulizi dhidi ya Wahouthi huko Yemen kwenye kikundi cha Signal, programu ya kawaida ya simu. Mshauri wa Usalama wa Taifa, Mike Waltz, alikuwa amemwingiza humo, bila kujua, Jeffrey Goldberg, mhariri wa jarida la The Atlantic. Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth akaandika saa ambazo ndege zingeruka. Mhariri akasoma kwenye simu yake. Serikali ilishikilia kwamba hakukuwa na siri humo. Waltz alisema anabeba wajibu. Mwezi Mei akaondolewa kwenye nafasi hiyo, akateuliwa kuwa balozi Umoja wa Mataifa.

Miaka kumi nyuma yake, Jenerali David Petraeus, aliyekuwa mkuu wa CIA, alikiri kumwonyesha mwandishi wa kitabu cha maisha yake madaftari 8 yenye siri za vita. Adhabu: uangalizi wa miaka 2 na faini ya dola 100,000. Weka hukumu hizo kando ya miezi 63 ya Reality Winner kwa ripoti moja. Sisemi wote walifanya kosa moja. Nia zilitofautiana na mashtaka pia. Nasema vijana wa ngazi ya chini wanasoma hukumu hizo, na wanaelewa.

Mkubwa mwingine hakuwa na nia yoyote. Tarehe 8 Aprili 2009 Bob Quick, mkuu wa kupambana na ugaidi katika polisi ya London, alishuka kwenye gari mbele ya ofisi ya Waziri Mkuu akiwa ameshika waraka wa siri kwapani, maandishi yakiangalia nje. Wapiga picha walikuwepo kama kawaida. Operesheni ikabidi ifanywe siku ile ile, na yeye akajiuzulu kesho yake. Bahasha ya kaki ingetosha.

Dalili: tumelituma wenyewe

Hii ndiyo ya kila siku, na haina mhalifu wa sinema. Februari 2022 mtumishi wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza alituma kwa barua pepe faili la Excel akidhani lina majina machache ya Waafghani walioomba kuhamia Uingereza. Lilikuwa na waombaji karibu 19,000, watu ambao Taliban wangefurahi kuwajua. Wizara ilishtuka Agosti 2023, sehemu ya orodha ilipoonekana Facebook, kisha ikaomba amri ya mahakama iliyokataza hata kutaja kwamba amri ipo. Iliondolewa Julai 2025. Kwa muda huo wote waliomo kwenye orodha hawakuweza kuambiwa hadharani kwamba majina yao yako nje.

Kipimo: faili lolote lenye majina, kabla ya kulituma, fungua safu zilizofichwa, ondoa vichujio, hesabu mistari. Sekunde 20. Kisha muulize mkuu wa idara kwa nini majina ya watu wanaoweza kuuawa yalikuwa kwenye Excel badala ya mfumo unaohitaji ruhusa. Aliyebonyeza "tuma" alikosea. Aliyeamua kazi ifanyike hivyo alipanga kosa lingoje mtu.

Dalili: kilichovuja ni aibu, hakikuwa siri

Hapa fundi anasimama anaweka spana chini. Muhuri wa SIRI ni mwepisi, wa mpira, unauzwa na wachonga mihuri mitaani, na nimeuona ukigongwa kwenye orodha ya posho. Agosti 2007, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Kenya, ripoti ya kampuni ya Kroll ilivuja kupitia tovuti ya WikiLeaks. Ilieleza tuhuma za mabilioni yaliyochotwa na watu wa karibu na rais mstaafu Moi, na serikali mpya, iliyoiagiza, ilikuwa haijaitangaza. Miaka miwili kabla yake John Githongo, Katibu Mkuu wa Utawala Bora na Maadili, aliacha kazi akiwa Uingereza, na baadaye akatoa aliyoyajua na kuyarekodi kuhusu Anglo Leasing, kashfa ya mikataba hewa ya serikali. Huyo alikuwa ameshayapeleka kwa aliyemteua.

Tanzania tuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, inayomfunga mtumishi mdomo, na Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, inayomfungua kama anachotaja ni uhalifu na amekipeleka panapostahili. Mchunguzi lazima azisome zote mbili kabla ya kuandika jina la mtu. Jiulize: je, alipeleka ndani kwanza? Nani alipokea? Alifanya nini? Kama barua yake ya kwanza imelala droo ya mtu kwa miezi minane, mwenye droo naye yumo kwenye ripoti yako.

Ukishafika ofisini

Kabla ya kumwita yeyote, omba vitu vitatu: nakala bora kabisa ya kilichovuja, logi ya mfumo au printa ya wiki mbili, na kitabu cha kutolea majalada. Cha tatu ndicho watakachokuletea kwa kuchelewa. Kifungue, utakuta safu ya "amepokea" imejaa sahihi ya mtu mmoja, tarishi, kwa niaba ya mkurugenzi, ya naibu wake, ya mwanasheria, ya kila mkubwa. Wakubwa hawasaini vitabu. Ndivyo tarishi anavyokuwa mshukiwa wa kudumu wa majalada ambayo hajawahi kuyafungua.

Usibishane. Andika kwenye taarifa yako ya kwanza jinsi kitabu kinavyosema: majalada saba ya siri yako mikononi mwa tarishi, tangu mwezi wa tatu. Peleka saa tatu asubuhi. Kabla ya saa sita dereva wa mkurugenzi atakuwa ameyaleta masjala, yamefungwa kwenye mfuko wa supamaketi.